Kuni za jioni na vitonge vya usiku

Nyumba yetu iko Sheffield, kaskazini mwa England, katika mtaa wa nyumba za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, ambazo zilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Zamani karibu kila chumba kilikuwa na meko yake ukutani, na juu ya mapaa bado kuna safu za dohani ambazo nyingi hazijapitisha moshi kwa miaka mingi. Sisi tulifungua moja tu, ile ya sebuleni, tukaingiza ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu kutoka chini hadi juu, na chini yake tukaweka jiko dogo la chuma lenye mlango wa kioo na uwezo wa kilowati 5. Jiko hilo limeundwa kuchoma kuni, na pia makaa yasiyotoa moshi, ambayo hapa nyumbani tunayaita vitonge kwa sababu ya umbo lake la yai. Haya ni majira ya sita ya baridi tangu tuanze kulitumia, na ninaandika kwa sababu ndugu kadhaa waliohamia huku wameniuliza namna ya kuliendesha jiko la aina hii, nami nimekuwa nikiwajibu vipande vipande kwa simu.

Nilipofika katika nchi hii nilidhani kwamba kuhusu moto sina la kujifunza. Nimekulia Njombe, kusini mwa Tanzania, ambako baridi ya Juni na Julai humfanya mtu asogee jikoni kabla hata ya kunawa uso, na tangu utotoni nilitumwa kuokota kuni za miwati, kuzipasua, kuzipanga na kuuchochea moto katikati ya mafiga. Lakini moto wa mafiga uko wazi pande zote. Unajivutia hewa kadiri unavyotaka, na moshi wake hujitafutia njia ya kutokea paani. Moto wa jiko lililofungwa hupata hewa ile tu unayoupimia, kupitia tundu lile tu ulilolifungua, na kosa unalolifanya halionekani hapo ulipokaa, bali hupanda kimya kimya na kujibandika ndani ya dohani. Karibu kila jambo nitakalolieleza hapa linatokana na hilo la hewa: kuni hutaka kupumua kutoka juu, vitonge hutaka kupumua kutoka chini, na jiko langu lina tundu la juu ya kioo na tundu la chini ya wavu, yaani vyuma vinavyoubeba moto, kwa sababu hiyohiyo.

Fundi aliyekuja kutufungia jiko alianza kwa kutuuliza kama tunafahamu kwamba mtaa wetu uko ndani ya eneo la udhibiti wa moshi. Sehemu kubwa ya Sheffield iko hivyo. Chanzo cha utaratibu huu ni maafa ya London ya tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, wakati moshi wa makaa ya mawe ulipochanganyika na ukungu ukalifunika jiji zima, watu wakawa hawaoni hata hatua chache mbele yao. Hesabu za wakati ule zilitaja vifo vya watu wapatao 4,000, na uchunguzi uliofanywa baadaye uliifikisha idadi hiyo kwenye 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi, ambayo ilizipa halmashauri mamlaka ya kutangaza maeneo ambamo dohani za nyumba haziruhusiwi kutoa moshi. Katika maeneo hayo, hadi leo, mwenye nyumba anaweza kuchoma makaa yaliyoidhinishwa kuwa hayatoi moshi, au kuchoma kuni ndani ya jiko lililopimwa na kuruhusiwa kwa kuwa linauteketeza moshi wake lenyewe kabla haujatoka. Huku England, mtu ambaye dohani yake inatoa moshi katika eneo hilo anaweza kutozwa hadi pauni 300.

Masharti yaliongezwa tena tarehe 1 Mei 2021. Tangu siku hiyo kuni zinazouzwa kwa kiasi kisichofikia mita za ujazo 2 lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, vitonge lazima viwe na salfa isiyozidi asilimia 2, na makaa ya mawe ya kawaida hayauzwi tena kwa mifuko. Yale yaliyokuwa yakimwagwa nyumbani kutoka kwenye lori yalifuata tarehe 1 Mei 2023. Mimi ninaona masharti haya ni ya haki. Mtaa wetu umebanana, dirisha la chumba cha watoto wa jirani liko hatua chache tu kutoka kwenye dohani yetu, na moshi wangu haujui mpaka wa kiwanja.

Nianze na kuni. Kuni kavu ikipata joto haiungui moja kwa moja. Kwanza hutoa gesi, na gesi hiyo ni kiasi cha robo tatu ya uzito wake au zaidi. Mwali tunaoutazama kupitia kioo ni gesi hiyo ikiungua juu ya kuni. Ndiyo maana kuni huhitaji hewa ya juu, mahali ambapo gesi imekwisha kupanda, na ndiyo maana moshi si takataka ya moto, bali ni gesi iliyokosa hewa au joto la kutosha, yaani ni sehemu ya kuni ambayo umeilipia na ikatoroka bila kukupa joto. Tangu nilipolielewa jambo hili, nikitazama dohani ya mtu inayofuka ninaona fedha zake zikienda hewani.

Kuni hupenda kulala juu ya majivu. Methali yetu isemayo kuwa moto huzaa jivu inalidharau jivu kama mtoto asiyemfaa mzazi wake, lakini katika jiko la kuni jivu ni godoro: hulizuia joto lisipotee chini, huyafunika makaa mekundu yakadumu hadi asubuhi, na huuziba wavu ili hewa isipenye kutoka chini. Kwa hiyo siku za kuni ninaliacha tabaka la sentimita 2 hadi 3, na ninaondoa linalozidi hapo tu.

Namna ya kuwasha ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ilinibidi kuigeuza tabia ya tangu utotoni. Kwetu moto huwashwa chini, vijiti vikiwa ndani na kuni kubwa zikiegemezwa juu. Hapa ninaweka mapande mawili au matatu ya kuni chini, juu yake ninapanga vibanzi vyembamba kwa kupishanisha, na kileleni ninaweka kiwashio, kisha ninawasha juu. Moto hushuka taratibu kama mshumaa. Gesi inayotoka kwenye kuni za chini hulazimika kupita katikati ya mwali ulio juu yake, ikaungua yote, na dohani hupata joto mapema, ikaanza kuvuta. Katika dakika 10 za kwanza ninayaacha matundu yote mawili wazi; vibanzi vikishashika vizuri, ninafunga la chini, na kuanzia hapo ninatumia la juu peke yake. Kipimajoto cha sumaku kilichobandikwa kwenye bomba hunionyesha kama niko salama: kikiwa kati ya nyuzi 120 na 240 za Selsiasi ninatulia, kikishuka chini ya hapo ninajua kuwa masizi yanaganda, kikipanda zaidi ninapunguza hewa.

Katika majira ya kwanza ya baridi sikuyajua haya. Nilinunua kuni kwa muuzaji aliyepita mtaani na gari, akaniapia kwamba zimekauka, nami kila usiku kabla ya kulala nililijaza jiko na kuifunga hewa karibu yote, nikiamini kwamba ninabana matumizi. Asubuhi kioo kilikuwa cheusi tii. Kufikia Januari kulikuwa na harufu kali sebuleni, kama ya samaki aliyekaushwa kwa moshi, na utomvu mweusi ulikuwa ukichuruzika kwenye kiungo cha bomba. Fundi wa kusafisha dohani alipokuja, burashi yake ilitoka imeshikamana na kitu kama lami iliyopoa, akaniambia kwa upole kwamba kitu kile kingeshika moto ndani ya bomba, mimi na familia yangu tukiwa tumelala ghorofa ya juu. Sikupata usingizi usiku ule.

Aliyetambua chanzo cha tatizo alikuwa mama yangu, alipokuja kututembelea Oktoba iliyofuata. Asubuhi yake ya pili nilimkuta uani, kajifunga kitenge juu ya koti, anaikagua kuni moja baada ya nyingine.

“Shikamoo, mama. Mbona nje na baridi hii?”

“Marahaba, mwanangu. Kuni hizi umeuziwa na nani?”

“Kuna mtu huzileta kwa gari. Alisema zimekauka.”

“Zimekauka ngozi. Hebu sikiliza.”

Alichukua mapande mawili akayagonganisha, ikatoka sauti nzito, iliyokufa, kama ya mtu anayegonga mgomba. Kisha akaingia ndani, akachukua kipande cha ubao wa kitanda cha zamani nilichokuwa nimekiweka kwa kuwashia, akakigonga kwa kingine, kikalia kama ubao wa marimba. Siku ileile niliagiza kipimo cha unyevu. Nilipokichomeka kwenye ubavu wa nje wa kuni, kilionyesha asilimia 19; nilipoipasua ile kuni na kukichomeka kwenye uso mpya wa ndani, kilisoma 31. Tangu hapo sijawahi kupima kuni bila kuipasua kwanza, na ninamshauri kila mtu asiamini kipimo kilichochukuliwa kwa nje.

Kuni iliyokatwa leo huweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na moto lazima uyachemshe maji hayo yote kabla haujakupa wewe chochote. Kuni yenye unyevu wa asilimia 20 ina nishati ya takriban kilowati-saa 4 kwa kila kilo, kwa hiyo jiko la kilowati 5 kama langu, ambalo hupoteza kiasi kidogo kupitia dohani, hula kama kilo moja na nusu kwa saa likiwa kwenye nguvu zake zote. Sasa ninanunua kuni mbichi wakati wa kiangazi na kuzikausha mwenyewe. Nimejenga kibanda kisicho na kuta pembeni, chenye paa, kilichoinuliwa juu ya vichaga vya mbao ili kuni zisiguse ardhi, na kimeelekezwa upande wa magharibi, ambako upepo wa hapa hutokea mara nyingi. Kuni za mti uitwao ash huwa tayari kwa takriban mwaka mmoja, na siku hizi zinapatikana kwa wingi kwa huzuni, kwa sababu miti hiyo inakufa kwa ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa nchini mwaka 2012. Mwaloni huhitaji miaka miwili au zaidi. Ninaandika tarehe kwa chaki kwenye kila safu, na safu ya mwaka huu siigusi hata baridi ikizidi namna gani.

Vitonge ni habari nyingine kabisa. Vingi hutengenezwa kwa vumbi la antrasaiti, aina ngumu kuliko zote ya makaa ya mawe, ambayo kwa vizazi vingi ilichimbwa kusini mwa Wales. Vumbi hilo huchanganywa na kiunganishi na kushindiliwa. Antrasaiti ni kaboni karibu tupu na ina gesi kidogo sana, na kwa kuwa moshi hutokana na gesi isiyoungua, kisicho na gesi hakina cha kufukiza. Kwa uzito, vitonge vina nishati inayokaribia mara mbili ya ile ya kuni. Haviwaki kwa mwali mrefu. Hugeuka vyekundu polepole kutoka ndani, na juu yao huchezacheza mwali mfupi wa rangi ya buluu. Hewa lazima ipite kati yao kutoka chini, kwa hiyo siku za vitonge mambo yanageuka: ninautikisa wavu hadi uwe mtupu kabisa, ninafungua tundu la chini, na lile la juu ninaliacha wazi kidogo tu ili kioo kisichafuke. Kitonge kimoja kikiwa peke yake huzima. Vinataka kulundikwa pamoja, vikipeana joto.

Mazoea yetu ni haya. Kuanzia saa kumi na mbili jioni tunachoma kuni, kwa kuwa watoto wanapenda kuutazama mwali na chumba hupata joto haraka. Inapofika saa tatu usiku, siku zile tu ambazo nje kuna jalidi, ninaziacha kuni ziungue hadi zibaki makaa mekundu, ninatikisa wavu, ninaweka vitonge vichache juu yake, ninafungua hewa ya chini kwa nusu saa hadi vishike, kisha ninaongeza vingine na kuipunguza hewa. Moto huo hudumu hadi alfajiri bila kukichafua kioo. Kuni haziwezi kazi hiyo ya usiku kucha. Ukizinyima hewa ili zidumu, unarudi kule kwenye lami ya dohani.

Kuna watu wanaochanganya kuni na vitonge kwa wakati mmoja, na nimeombwa maoni yangu mara nyingi. Mimi sifanyi hivyo. Makaa yana salfa, kuni hata kavu zina maji, na viwili hivyo vikikutana ndani ya bomba hufanya tindikali ambayo hulitafuna lile bomba la chuma tulilolilipia kwa gharama kubwa. Tena hakuna mpangilio wa hewa unaoviridhisha vyote viwili. Kuni za kuwashia vitonge hazina ubaya, kwa sababu zinakuwa zimekwisha kuungua kabla moto wa makaa haujakolea.

Kosa langu la pili lilikuwa la majivu. Vitonge huacha majivu mengi kuliko kuni, nami kwa uvivu wa wiki moja yenye theluji niliiacha droo ya chini ikajaa hadi majivu yakaugusa wavu. Hewa baridi inayopita chini ya wavu ndiyo inayoupoza. Ilipokosa njia, chuma kilipata joto kutoka juu na kutoka chini, na vipande viwili vya wavu vikapinda kama ulimi. Sasa ninamwaga majivu kila asubuhi kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, ninaiacha nje juu ya jiwe hadi ipoe kabisa, maana kaa moja dogo huweza kukaa hai ndani ya majivu kwa siku nzima na zaidi. Majivu ya kuni ninayatia kwenye bustani, chini ya mimea ya vitunguu. Ya vitonge yanakwenda kwenye pipa la taka, kwa kuwa hayafai kwa mboga.

Nimeutaja ule mwali wa buluu, na hapa ninaomba msomaji asiharakishe. Mwali ule ni gesi ya kaboni monoksaidi ikiungua. Mahali ambapo dohani imeziba au hewa imefungwa mno, gesi ile haiungui, hurudi chumbani, nayo haina rangi wala harufu. Jina la makaa yasiyotoa moshi humfanya mtu aamini kuwa hayana madhara, wakati ukweli ni kwamba moshi ndio uliokuwa ukimwonya, na sasa hayupo wa kumwonya. Sisi tuliokulia nyanda za baridi tunalijua jambo hili kwa uchungu: karibu kila msimu wa baridi husikika habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha wapate joto, wasiamke tena. Mkaa wetu uliokwisha kushika nao hauna moshi. Katika sebule yetu kuna kengele ya kaboni monoksaidi, imewekwa kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko kama inavyoelekezwa, na ninaijaribu kila Jumamosi kwa kubonyeza kitufe chake, watoto wakiwepo, ili waijue sauti yake na wajue kuwa wakiisikia wanatoka nje kwanza, maswali baadaye. Mama aliporudi Njombe alibeba kengele mbili kama hiyo kwenye sanduku lake, moja ya nyumbani kwake na nyingine ya mama mdogo.

Jiko letu, hata likiendeshwa vizuri, bado hutoa chembe laini za moshi nyingi zaidi kuliko mfumo wa gesi uliomo ndani ya nyumba, na sitamdanganya mtu kuhusu hilo. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Kwa hiyo hatuwashi kila siku, hatuwashi siku zile zisizo na upepo ambapo hewa hutuama juu ya bonde, na mlango wa jiko ninaufungua polepole na kwa muda mfupi tu ninapoongeza kuni, kwa sababu wakati huo ndipo moshi mwingi unapoingia chumbani.

Mwezi uliopita fundi yuleyule wa dohani alikuja kwa zamu yake ya mwaka. Alitandika shuka lake mbele ya jiko, akapandisha burashi hadi kileleni, akaishusha. Masizi yaliyotoka hayakufika nusu ya ndoo ndogo, nayo yalikuwa ya rangi ya kahawia, makavu kama unga. Nilimpigia mama simu ya video nikamwonyesha. Aliniambia niisogeze kamera karibu zaidi, akayatazama kwa muda, kisha akauliza kama zile kuni za chaki ya mwaka jana zimeanza kulia zikigonganishwa.